Kuchagua Panga

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hufundishwa katika shule zetu zote, na hapana shaka wewe msomaji umekwisha kuiandikia insha mara moja au mbili. Maana yake ni wazi. Mtu mvivu husimama kando ya shamba akilalamika kuwa jembe hili ni zito, na lile ni butu, na jingine mpini wake ni mfupi, hata jua likapanda na wenzake wakamaliza kulima. Methali yamkemea mtu huyo, nayo yamkemea kwa haki.

Lakini methali ni kama dawa: humponya aliye na ugonjwa wake, na huweza kumdhuru asiye nao. Mimi niliitumia methali hii mahali isipopaswa kutumiwa, na nusura mtoto wa watu apoteze mguu wake. Kwa hiyo naomba ruhusa yako nikusimulie habari ya panga, kisha tuulizane pamoja swali hili: Je, kuchagua chombo cha kazi ni jambo la ufundi tu, au ni jambo la wema na ubaya pia?

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari upande wa magharibi wa Nairobi, kule ambako barabara ya Naivasha huziacha nyumba za Kawangware na kuelekea Uthiru. Shule yetu ina kishamba cha mahindi na sukuma wiki, ina matete ya kulisha ng'ombe wawili, na mpakani pana ua wa kayaba, mti ule wenye miiba mirefu na matawi magumu. Mwaka mmoja nilipewa fedha ninunue mapanga sita kwa kazi ya shamba hilo. Jumamosi nikapanda matatu hadi katikati ya mji, nikaingia katika duka moja la vifaa vya chuma karibu na River Road.

Mapanga yalikuwa yamepangwa ukutani kama samaki sokoni, makubwa kwa madogo, mapana kwa membamba. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani. Aliposikia kwamba nataka stakabadhi yenye jina la shule, aliniuliza, "Mwalimu, ni ya kazi gani?" Nami nilikuwa na haraka, tena niliona swali lenyewe ni la kuchelewesha. Nikamjibu, "Mzee, panga ni panga. Ni ya kukata." Nikaelekeza kidole kwenye yale yaliyong'aa kuliko mengine, mapana, mazito, yenye mipini ya plastiki nyekundu iliyo laini kama sahani. Bei yake ilikuwa nafuu. Mzee akanitazama kidogo, kisha akayafunga sita katika gazeti.

Wiki ya pili msichana mmoja wa miaka 15 alinijia na malengelenge kiganjani. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, panga hili ni zito, tena linateleza." Nikatabasamu mbele ya darasa zima, nikamwambia, "Mchagua jembe si mkulima." Wenzake wakacheka. Naye akacheka pia, kama wanavyocheka watoto wanapoona kwamba hawatasikilizwa, akarudi kazini.

Wiki ya tatu msichana yule alikuwa akikata ua wa kayaba. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Alipiga tawi gumu, panga likageuka mkononi, likamponyoka, likaruka hewani na kujichoma katika udongo, shibiri moja kutoka mguu wa mvulana aliyekuwa akikusanya matawi. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa muda hakuna aliyesema neno, na panga lilisimama pale katika udongo likitikisika.

Wa kwanza kusema alikuwa msichana mwenyewe. Alisema, "Nisamehe, mwalimu." Wavulana wakasema kosa ni la panga. Mimi nikasema moyoni kwamba kosa ni la muuzaji, kwa kuwa aliniuzia vitu visivyofaa. Jioni ile nikiwa peke yangu niliyapima maneno hayo matatu, nikaona kwamba yote yalikuwa ya uongo. Panga haliwezi kukosa, maana halina nia. Muuzaji hakukosa, maana aliniuliza swali lililopasa, nami nikakataa kulijibu. Msichana hakukosa, maana aliniambia ukweli wiki moja mbele. Ikabaki mtu mmoja tu.

Siku iliyofuata niliyachukua mapanga yote sita, nikampelekea fundi mmoja wa chuma afanyaye kazi kando ya barabara ya Ngong, si mbali na Dagoretti Corner. Mzee huyu hufua visu na mapanga kutokana na springi za malori mabovu. Nilidhani atayatazama mapanga. Badala yake akasema, "Nionyeshe mikono." Nikamnyoshea mikono yangu. Akauliza, "Ni wewe utakayekata?" Nikajibu, "La, Mzee, ni wanafunzi wangu." Akasema, "Basi umeniletea mikono isiyo ya kazi. Panga halichaguliwi dukani. Huchaguliwa mkononi."

Nilikaa kwake karibu saa mbili, na niliyojifunza nataka nikupe, msomaji, kwa mpango ule ule alionipa.

Jambo la kwanza ni uzito. Panga la kawaida la shamba lina uzito wa kama nusu kilo au zaidi kidogo. Mazito sana hukaribia kilo nzima. Vijana wengi hudhani kwamba lililo zito ndilo lenye nguvu. Hesabu ya fizikia yasema jambo jingine. Ukiongeza uzito wa panga maradufu, na kasi ya mkono ikabaki ile ile, nishati ya pigo huongezeka maradufu. Lakini ukiongeza kasi maradufu, na uzito ukabaki ule ule, nishati huongezeka mara nne. Basi panga zito ambalo mkono wako hauwezi kulipeleka kwa kasi lina nguvu kidogo kuliko panga jepesi liendalo kwa haraka. Uzito ambao mkono hauwezi kuutawala haumwongezei mkataji nguvu, bali humwongezea uchovu. Na mkono uliochoka haujui panga litaangukia wapi.

Fundi alinipa kipimo chake. Lishike panga, unyoshe mkono mbele, uhesabu polepole hadi 30. Ikiwa ncha imeanza kutetemeka au kuinama kabla hujafika, panga hilo si lako. Baadaye lilaze juu ya kidole kimoja ujue uzito wake umekaa wapi. Ukiwa karibu na ncha, panga litapiga kwa nguvu, lakini ni vigumu kuligeuza au kulizuia. Ukiwa karibu na mkono, litatii upesi, lakini halitavunja kitu kigumu. Wala hakuna moja lililo bora kwa kila kazi.

Tangu siku ile nimekuwa mtazamaji wa mikono ya watu. Nenda City Market katika barabara ya Muindi Mbingu, umtazame muuza nyama akivunja mfupa juu ya gogo. Chombo chake ni kizito na kipana, naye hapigi kwa hasira; huinua kidogo tu, kisha huuacha uzito ufanye kazi. Toka nje, umtazame muuza miwa na mkokoteni wake. Chake ni chepesi na chembamba, kwa sababu humenya tangu asubuhi hata jioni, na angetumia kile cha muuza nyama, bega lingemshinda kabla ya adhuhuri. Panda gari hadi Lavington, umtazame mtunza bustani akinyoosha ua. Panga lake ni refu na jembamba, limelika kwa miaka mingi ya kunolewa kwa tupa, na halingempendeza mtu yeyote dukani. Lakini ua wake umenyooka kama mstari wa rula.

Wala elimu hii si ngeni katika nchi yetu. Mji wa Nairobi umepata jina lake kutokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, na Wamasai hao walikuwa na upanga wao, ol alem, kabla ya duka lolote kujengwa hapa. Bapa lake ni jembamba karibu na mkono na hupanuka kuelekea nchani, hata silaha nyepesi ikapata uzito wa pigo mahali panapohitajika. Na mpini wake huvikwa ngozi ili usiteleze. Waliozifua ni mafundi wa ukoo wa Ilkunono, watu waliodharauliwa na wenzao kwa sababu ya kazi ya chuma, ingawa hakuna shujaa aliyeweza kwenda popote pasipo kazi ya mikono yao. Wewe ushikapo chombo kizuri, kumbuka kwamba mtu fulani usiyemjua amekwisha kufikiri kwa ajili ya kiganja chako.

Jambo la pili ni mpini. Watu wengi hutazama bapa na makali, na mpini huudhani kuwa ni pambo. Walakini makali hukutana na mti, na mpini hukutana na mtu. Katika mpini ndipo kazi inapoingia mwilini.

Mti mzuri wa mpini ni ule mgumu wenye nyuzi zilizonyooka. Katika nyanda zetu za juu wazee waliusifu mutamaiyu, ambao ni mzeituni wa mwituni, kwa kuwa ni mzito, hauchakai upesi, na hulainika kwa kushikwa. Mwerezi una harufu nzuri na haushambuliwi ovyo na wadudu, lakini hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake. Hufaa kwa nguzo za ua na kwa penseli, haufai kupokea mapigo. Mti wowote utakaotumiwa sharti uwe umekauka vema. Mti mbichi ukifanywa mpini hunywea wakati wa kiangazi, misumari ikalegea, na panga likaanza kucheza ndani ya mpini wake.

Plastiki haiozi wala hainywei, na bei yake ni ndogo. Lakini ikiwa laini na mkono ukatoka jasho, huteleza kama sabuni. Bomba la chuma lililochomelewa kwenye bapa halivunjiki kamwe, ila kila pigo hupanda nalo hadi kiwikoni, na mwisho wa siku mkono huwa kama umepigwa fimbo. Mpira wa tyubu ya gurudumu uliozungushwa kwa kukazwa hushika vizuri hata katika mvua, tena hupunguza mshtuko. Kila kitu, basi, kina wema wake na ubaya wake.

Zaidi ya hayo, utazame msuka, yaani sehemu ya chuma iingiayo katika mpini. Msuka mfupi hukatika au hutoka. Msuka ufikao mwisho wa mpini, umebanwa kwa vibao viwili na misumari mitatu iliyofuliwa vichwa pande zote mbili, ndio wa kuaminiwa. Na unene wa mpini sharti ulingane na kiganja. Ukiwa mnene mno, vidole havikutani na mkono huchoka kwa kubana. Ukiwa mwembamba mno, panga hugeuka mkononi lipigapo kitu kigumu, kama lilivyogeuka katika mkono wa msichana yule.

Hayo ndiyo ya ufundi. Sasa, msomaji, twende kwenye ubaya na wema.

Nilipojiuliza kwa nini nilichagua vibaya, nilipata sababu tatu, na hakuna hata moja iliyotokana na kutojua tu. Ya kwanza ilikuwa kiburi. Nilitaka mapanga yanayong'aa, ili wenzangu wakiyaona waseme kwamba mwalimu amenunua vitu vya maana. Nilichagua kwa ajili ya macho, na macho hayakati ua. Ya pili ilikuwa tamaa ya urahisi. Nilifurahia bei, na sikuhesabu kwamba sehemu ya bei iliyobaki ingelipwa na mtu mwingine, kwa malengelenge. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ilikuwa mamlaka pasipo kusikiliza. Sikuwa nikijichagulia mimi. Nilikuwa nikiwachagulia watoto, na chombo ambacho mtu hatakishika yeye mwenyewe ni rahisi sana kukichagua vibaya.

Katika chuo cha ualimu nilikosomea, mkufunzi wetu mmoja alikuwa akitukataza kumpa mtoto kitabu kabla ya kumsikia akisoma. Nilikubali neno hilo kuhusu vitabu, nikalisahau kuhusu chuma. Kumbe ni sheria moja. Anayemchagulia mwingine hana budi kuuazima mkono wa mwingine kwanza.

Labda utanijibu kwa methali nyingine, kwamba mwana akililia wembe mpe. Waitumiao methali hii husema kwamba maumivu ni mwalimu. Mimi sipingi kwamba maumivu hufundisha. Ila angalia jambo hili: msichana yule hakulilia panga. Alipewa, na alipolia alilia ili aondolewe. Methali ya wembe humhusu mtoto anayekataa shauri la mkubwa. Haina lolote la kumtetea mkubwa anayekataa shauri la mtoto.

Tena labda utasema kwamba kuchagua ni anasa ya mwenye fedha. Mkulima maskini wa Kangemi au kibarua wa Kawangware hununua panga alilolimudu, akashukuru. Hoja hii ni nzito, na siwezi kuipita upesi. Ni kweli kwamba umaskini hupunguza machaguo ya dukani. Lakini hauyamalizi yote. Mpini ulio mnene waweza kuchongwa kwa kipande cha chupa. Utelezao waweza kuvikwa mpira wa tyubu. Msumari uliolegea waweza kugongwa. Nimewaona watu wasio na kitu wakiyatunza mapanga yao hivyo, na nimewaona wenye nafasi wakiyaacha mvuani. Ila kuna neno moja zaidi: ikiwa maskini hana uchaguzi mwingi, basi yule amchaguliaye, awe mwajiri, awe shule, awe serikali, amebeba wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa amechukua uchaguzi wa watu wengi mkononi mwake.

Bado sijalifikia swali la muuzaji. "Ni ya kazi gani?" Nililiona dogo, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ulipofanyika uchaguzi wa Desemba 2007. Vurugu zilizofuata ziliendelea hadi mwanzo wa mwaka 2008, na watu zaidi ya 1,100 walikufa katika Kenya, wengine kwa risasi, wengine kwa moto, wengine kwa mishale na mapanga. Mitaa ya magharibi ya Nairobi haikusalimika. Nyumbani kwetu tulikuwa na panga moja, la kukatia matete ya ng'ombe, na mahali pake palikuwa bandani. Usiku mmoja wa Januari nilimwona baba akilileta ndani na kuliegemeza nyuma ya mlango. Hakusema neno, wala mama hakuuliza. Asubuhi baba aliniagiza nikakate matete kama kawaida. Nililichukua panga lile lile, lenye mpini ule ule niliouzoea tangu utoto, na nakuambia kweli kwamba lilikuwa zito mno kwangu. Mizani isingeonyesha tofauti yoyote. Lakini kazi yake ilikuwa imebadilika kwa usiku mmoja, na mkono wangu ulijua.

Jirani zetu wa Rwanda walilijua jambo hili kwa namna ya kutisha zaidi. Kwa hesabu iliyotolewa na shirika la Human Rights Watch, kati ya Januari 1993 na Machi 1994 mapanga yapatayo 581,000 yaliingizwa katika nchi hiyo ndogo. Yalikuwa mapanga ya shamba, kama haya yetu. Kisha, kuanzia Aprili 1994, katika muda wa siku zipatazo 100, mamia ya maelfu ya watu waliuawa, na wengi wao waliuawa kwa vyombo vya shamba. Mtu mwenye kuyatazama makaratasi ya forodha angesoma idadi, na uzito, na bei. Lakini swali la mzee wa River Road, ni ya kazi gani, halina safu yake katika makaratasi hayo.

Kuna wasemao kwamba chombo hakina hatia, na kwamba kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza. Nusu ya kwanza ni kweli, na nusu ya pili haitokani nayo. Kwa kuwa chuma hakina hatia, hatia yote hubaki upande wa mpini, kwa aliyelishika panga, na aliyelitoa, na aliyelinunua, kila mmoja kwa kiasi cha alichokijua na cha alichokataa kukijua. Mimi siku ile sikutaka kumdhuru mtu. Walakini nilikataa kujua, na kukataa kujua ni mwanzo wa madhara mengi ambayo baadaye huitwa bahati mbaya.

Turudi sasa kwa wahenga. Je, walikosea waliposema mchagua jembe si mkulima? La, hawakukosea. Kuna kuchagua kwa namna mbili. Kuna mtu achaguaye ili aiahirishe kazi. Huyu hutafuta kasoro za jembe ili asizitazame kasoro zake mwenyewe. Na kuna mtu achaguaye ili aiheshimu kazi. Huyu hujiuliza anataka kufanya nini, ana nguvu kiasi gani, na nani amesimama karibu naye anapoliinua panga. Wa kwanza amekemewa kwa haki. Wa pili hakutajwa na methali, kwa sababu wakati anapoitwa amekwisha kuanza kulima. Tofauti yao huonekana kwa alama moja: wa kwanza huzungumza juu ya chombo, wa pili huzungumza juu ya kazi. Na msichana yule aliponiambia kwamba panga lateleza, alikuwa akizungumza juu ya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa mvivu, mvivu wa kusikiliza, nikaivaa methali kama kanzu ya hekima.

Utakapotoka shuleni, msomaji, si lazima uishi kwa panga. Labda utashika kalamu, au sindano ya daktari, au usukani wa gari, au amri juu ya watu. Kila kimoja kina uzito wake na mpini wake. Wapo watakaokupa chombo kizito kuliko mkono wako kwa sababu kinang'aa, na utatamani kukipokea ili uonekane mkubwa. Jipime kwanza. Na wapo ambao wewe ndiwe utakayewapa chombo. Wapime hao kwa uangalifu zaidi, kwa maana maumivu ya mkono wako utayasikia, lakini ya mkono wao huna njia ya kuyajua isipokuwa kwa kuuliza na kuamini jibu.

Yale mapanga sita hatukuyatupa. Fundi aliyapunguza mawili upana, akayaondoa yote mipini ya plastiki, akayatia mipini mipya ya mti kwa vipimo tofauti, na alinitoza fedha nyingi kuliko zile nilizodhani nimeziokoa. Nilizilipa mimi, si shule. Siku ya kuyarudisha niliyapanga juu ya nyasi, nikawaita wanafunzi, nikawaambia kila mmoja ajaribu kabla ya kuchukua, anyoshe mkono na kuhesabu hadi 30. Msichana yule alijaribu manne. Katika la tano alifika 30 bila ncha kutikisika, akalizungusha kidogo, akasema, "Hili, mwalimu."

Nikamwuliza, "La kazi gani?"

Akajibu, "La ua wa kayaba. Matete yanataka lile refu."

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kama nilivyomcheka mbele ya darasa. Kisha tukaenda kukata ua, na kabla ya kila mtu kuinua mkono wake, alitazama kwanza ni nani amesimama karibu.